Tatu Kati ya Tano

Wesley Kiprotich hajawahi kushika theluji. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu humtupia usoni kila anapofungua mdomo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Barafu aliyoizoea ni ile ya friji yetu hapa Fereej Bin Mahmoud, inayojaa mpaka mlango unakataa kufunga, na ni yeye huikwangua kwa mwiko kwa sababu mimi dereva wa limuzini niko barabarani kutwa. Hata hivyo, nikiulizwa nimtaje mtu mmoja Doha nzima anayejua tabia za theluji, nitamtaja yeye, na sitafikiri mara mbili.

Alikuja Qatar kuwa sekyuriti katika jengo moja refu kule West Bay. Miaka mitatu alisimama lobi akiwafungulia watu mlango wa kioo. Ghorofa ya ishirini na tatu ya jengo hilo kulikuwa na kampuni ya safari inayopeleka wenye uwezo likizo, na meneja wao alimkuta Wesley siku moja akimsomea mgeni fomu ya viza, mstari kwa mstari, mpaka yale maandishi madogo ya chini ambayo hakuna mtu huyasoma. Akamchukua. Huo ndio ugonjwa wa Wesley, kusoma kila kitu mpaka mwisho. Ukimletea dawa ya kikohozi, kwanza anakaa chini asome karatasi yote iliyokunjwa ndani ya boksi, na wewe uendelee kukohoa.

Wakampa dawati la milima. Majira ya baridi wateja wao huenda Ulaya kuteleza kwenye theluji, na kazi ya Wesley ni kuwatafutia nyumba, kuwapangia magari, na kuwatumia kila siku habari za hali ya hewa. Katika kutafuta hali ya hewa ndipo alipokutana na taarifa ya maporomoko ya theluji. Kila jioni, saa moja kwa saa zetu, wataalamu wa milima ile hutangaza theluji mpya ni kiasi gani, upepo umeirundika upande upi, tabaka gani la chini limelegea, na hatari ya kesho ni namba ngapi. Namba ni moja mpaka tano. Moja ni shwari. Tano, hata barabara hufungwa. Wesley akaanza kuwatumia wateja taarifa hiyo, nzima nzima.

Mteja mmoja akalalamika kwamba amelipia likizo na kila jioni anatumiwa habari za kifo. Meneja akamwita Wesley, akamwambia kuanzia leo tuma kina cha theluji na saa za jua, khalas, basi. Basi ile taarifa ikakosa pa kwenda, ikahamia chumbani kwetu.

Tulikula ugali na maporomoko msimu mzima. Nimetoka kazini nimechoka, nataka mpira, yeye ananisomea upepo wa kaskazini-magharibi. Jioni moja akaniambia, "Kesho ni tatu."

"Tatu kwa tano?" nikamwambia. "Hiyo ni asilimia sitini, buda. Kwetu mtoto akileta hiyo unachinja kuku."

Aliweka sahani chini. "Onyango, wengi hufa siku ya tatu. Ikiwa nne wanaogopa, wanakaa ndani. Ikiwa tatu wanasema si iko tu katikati, wanatoka."

Nilicheka, na kesho yake nikawasimulia madereva wenzangu, nao wakacheka. Naliandika hapa kwa sababu lile jibu la asilimia sitini nilidhani ni langu peke yangu, kumbe kila mtu analo mfukoni.

Sasa dada yake. Emily Cherotich, sisi tunamwita Chero, ni mdogo wake wa kuzaliwa naye tumbo moja, na alikuwa yaya wa familia moja ya Kikatari huko Muaither. Watoto wawili, Hessa wa miaka saba na Khalid wa minne. Nitasema ukweli, maana watu hupenda kusikia kwamba kila Madam ni mkali: huyu hakuwa mbaya. Simu ya Chero haikuguswa, Ijumaa alikuja kanisani, na walikuwa wanakula chakula kimoja. Tena dada ya Madam ana nasari hapo hapo Muaither, na Chero alikuwa ameahidiwa kwamba Septemba, mkataba wa nyumbani ukiisha, ataingia pale awe msaidizi wa mwalimu. Kilichobaki kilikuwa barua ya sifa kutoka kwa Madam. Chero alikuwa akiizungumzia nasari hiyo mpaka tukamjua kila mtoto aliyepo.

Familia ilipotaka kwenda kuona theluji mwezi wa kwanza, ni Chero aliyemwambia Madam kwamba kaka yake anafanya kazi hiyo. Wesley alifurahi kupita kiasi. Madam alikuwa na sharti moja: hataki hoteli, hataki mahali pa watu wengi, kwa sababu kila mtu ana simu na yeye hataki wanawe wapigwe picha na wasiowajua. Anataka nyumba ya peke yake yenye uwanja wa nyuma ambapo watoto wanaweza kucheza bila macho ya watu. Wesley akapekua nyumba arobaini. Akanionyesha ile aliyoichagua: nyumba ya mbao upande wa Austria, na nyuma yake uwanja wa majani mabichi, na juu ya uwanja mlima wa majani yale yale, laini, umesimama wima bila hata mti. "Cheki, Onyi. Inakaa kwetu kabisa," aliniambia.

Kwao ni Marakwet, kwenye ule ukingo unaotazama Bonde la Kerio. Nami niliiona picha, nikamwambia ni kuzuri. Hatukujiuliza, hata yeye msomaji, ni kwa nini nyumba ya theluji inauzwa kwa picha ya majani. Picha ilikuwa ya Julai.

Waliondoka Jumatano. Chero alikuwa na koti la Madam la mwaka juzi, buti za kukopa, na furaha ambayo ilitufikia mpaka huku. Alituma video akionja theluji kwa ulimi. Alituma watoto wakiteleza juu ya sahani kubwa za plastiki kutoka mguu wa mlima mpaka ukuta wa jikoni. Huku Doha ilikuwa nyuzi ishirini na moja, madirisha wazi, na mimi na Wesley tulizitazama video zile kama watu waliosafiri.

Siku ya tatu akatuma picha nyingine, Khalid amesimama na kofia nyekundu, mlima nyuma yake. Mimi niliona mtoto. Wesley aliivuta picha kwa vidole, akaacha kofia, akapanda juu. Nusu ya mlima, theluji ilikuwa imechanika. Palikuwa na ufa mrefu wa kahawia umekunjamana, na ndani yake ukaona majani.

Alikaa kitandani. Akafungua ile taarifa yake, akanisomea, na safari hii sikumkatiza. Kwenye miteremko mikali ya majani theluji yote inaweza kuteleza kutoka chini kabisa, kama blanketi linalovutwa kitandani. Huanza kwa ufa. Ukishaona ufa, theluji ya chini yake inaweza kushuka mchana, inaweza kushuka asubuhi, hakuna awezaye kusema lini. Usikae chini ya ufa. Hatari ya kesho, tatu.

"Ni mimi niliwatafutia hiyo nyumba," alisema.

Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo kwa miaka minne ya kulala chumba kimoja hakuwahi kunieleza. Alipokuwa darasa la nane mvua ilinyesha kwao wiki mbili, na juu ya shamba la shangazi yao ardhi ikapasuka. Wazee wakatazama ule ufa, wakabishana. Wengine walisema hameni, wengine wakasema nyumba hii imekaa hapa tangu babu. Baba yao hakubishana na mtu. Alirudi nyumbani, akachukua watoto, akachukua mbuzi, akapanda nao upande wa pili, na shangazi alimcheka hadharani kwamba anakimbia matope. Ilishuka siku ya pili saa nne asubuhi. Shangazi alikuwa anapepeta maharagwe.

Akampigia Chero palepale. Chumbani kwetu kuna sheria: ukiweka spika, ongea Kiswahili, maana mimi sitaki kukaa kama kabati watu wakizungumza Kimarakwet juu ya kichwa changu.

"Chero, huo ufa uko juu ya uwanja, umeuona?"

"Nimeuona. Khalid anauita mdomo."

"Msicheze hapo. Hapo nyuma hapana kabisa. Nyumba iko salama, imejengwa nje ya njia ya maporomoko, nimecheki ramani ya kijiji. Ni uwanja ndio mbaya. Wapeleke watoto mbele, kwa barabara."

"Sawa," akasema Chero.

Wesley alikata simu akaanza kutembea chumbani, na chumba chetu hakitembeki, ni hatua tatu unagonga jiko. "Umesikia hiyo sawa?" aliniuliza. "Hiyo ni sawa ya kuniondoa kwa simu."

Alikuwa na haki. Kesho yake video ikaja, watoto walewale, uwanja uleule. Akampigia tena, sauti imepanda. Chero akamweleza taratibu, kama unavyomweleza mtu mwenye homa: mbele ya nyumba watu wanapita na simu zao, Madam hataki. Kuna uwanja wa kijiji wenye uzio na mlinzi, lakini umejaa watu, Madam hataki. Huko nyuma ndiko alikolipia.

"Mwambie kuna hatari."

"Nimwambie nini, Wes? Mimi ni yaya. Nimwambie mlima wake ni mbaya? Ataniuliza nimesomea wapi."

"Sema mimi ndio nimesema."

"Wewe si ndio ulimuuzia?"

Nikainamia sahani yangu.

Asubuhi Wesley alikwenda kwa meneja. Nilimpeleka mimi mwenyewe kwa gari, na nilipokuja kumchukua jioni nilimwona kutoka mbali jinsi alivyokuwa anautazama mlango wa kioo. Alinisimulia neno kwa neno tukiwa kwenye foleni ya Corniche. Meneja alimuuliza hatari ni ngapi. Akasema tatu. Kati ya ngapi? Tano. Meneja akasema basi ni katikati. Wesley akamweleza kuhusu ufa, akamwonyesha picha. Meneja akamuuliza kama amewahi kuona theluji. Hajawahi. Kama kuna mtu yeyote huko aliyesema watoke. Hapana. Basi anataka kampuni imwandikie mteja kwamba tumemuuzia nyumba iliyo chini ya maporomoko, kwa ushahidi wa mtu wa Kenya aliyekuwa mlangoni mwaka juzi? "Mafi mushkila, Wesley, hakuna shida," alimwambia akimpigapiga bega. "Hiyo nyumba ina miaka themanini."

"Nimemwambia si nyumba, ni uwanja," Wesley alisema. "Mara tatu, Onyango. Nyumba, uwanja. Nyumba, uwanja. Ananijibu nyumba."

Aligonga dashibodi yangu kwa ngumi. Gari ni ya kampuni, lakini nilimwacha agonge.

Bado hakukoma. Alipiga simu ofisi ya kile kijiji. Mama mmoja mwenye adabu akampokea. Ndiyo, ufa ule wanaujua, wameweka kibao kwenye njia ya waenda kwa miguu kwamba wasisimame hapo. Uwanja wa nyumba? Uwanja ni wa mtu binafsi, wao hawana kibao cha kuweka huko, mwenye nyumba yuko mjini, watamwachia ujumbe. Wesley akamuuliza, itaanguka? Yule mama akajibu kwa ukweli, na ukweli wenyewe ndio ulionikera kuliko uongo wote wa juma lile: inaweza kuanguka leo, inaweza kuanguka mwezi wa tatu, na inaweza isianguke kamwe.

Sasa wewe niambie, maneno hayo mtu atayafanyia nini? Daktari akikwambia utakufa, unajipanga. Akikwambia umepona, unakwenda zako. Huyu anakwambia usikae pale, na hawezi kukuambia kwa nini leo na si jana. Nilianza kumchukia yule mama, kisha nikaichukia theluji yenyewe, kitu kinachokaa pale juu bila kusema ndiyo wala hapana.

Jioni hiyo Chero alipiga mwenyewe. Alikuwa amefunga mlango wa bafu, maji yanamwagika ili asisikike.

"Umepanuka," akasema. "Leo ng'ombe anaweza kuingia."

Wesley hakupiga kelele. Nilitegemea kelele. Alimuuliza tu, "Baba alifanya nini?"

"Watu walimcheka," akasema Chero.

"Walimcheka, eeh."

"Wes, na nasari?"

Huyu kaka yake, ambaye kila kitu amekisoma mpaka mwisho, hakuwa na maandishi ya kumsomea hapo. Alisema, "Sijui. Nasari sijui."

Asubuhi, watoto walipokwisha kuvaa buti, Chero alimwambia Madam kwamba yeye haendi nyuma ya nyumba, na watoto hawapeleki. Hakusema ana kichwa, hakusema ana baridi, ingawa mimi ningesema, na wewe ungesema. Sisi wafanyakazi wa nyumba za watu na magari ya watu tuna mkoba mzima wa uongo mdogo mdogo wa kukwepea neno hapana. Alisema hapana yenyewe. Madam akamuuliza sababu, akamwonyesha ufa. Madam akatoka nje, akautazama, akamuuliza nani kamwambia. "Kaka yangu wa ofisi," akasema Chero, kwa sababu kaka yake alimwambia aseme hivyo.

Madam alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya. Alipiga simu ofisini. Simu ikapokewa na meneja, naye akamwambia hakuna tatizo kabisa, hatari ni ya wastani, nyumba ina miaka themanini, kijana wetu ana wasiwasi kidogo, tunaomba radhi.

Kufikia saa sita mchana Wesley alikuwa amerudishiwa sare yake ya lobi. Kufikia jioni Chero alikuwa kwenye gari la kwenda uwanja wa ndege. Madam hakumtukana. Hessa alikuwa amekataa kutoka nje, analia kwamba mlima utamla, na Madam alisema hawezi kumwachia wanawe mtu anayewatia hofu, hasa baada ya ofisi yenyewe kusema ni salama. Alimlipa mpaka siku ya mwisho, akamwambia akirudi Doha atamsainia ahamie kwa mwajiri mwingine. Kuhusu nasari akasema dada yake atatafuta mtu mwingine. Na huko nyuma ya nyumba mume wa Madam alitoka mwenyewe na zile sahani za plastiki ili watoto waone hakuna cha kuogopa.

Nilimpokea mimi pale uwanja wa ndege wa Hamad. Alitoka na begi dogo na lile koti, amelikunja mkononi, kwa maana Doha hakuna pa kulivaa. Hakunisalimu vizuri. Tulipofika barabara kuu ndipo alipouliza, "Imeanguka?"

"Bado."

Akageukia dirisha. Kwa siku nne zilizofuata hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza kila alipopiga simu kutoka kwa rafiki yetu wa kanisani, Nyanchama, aliyempa godoro. Imeanguka? Bado. Hakumuuliza kaka yake habari za lobi, wala kaka yake hakumuuliza habari za nasari. Hawakugombana, na ingekuwa nafuu wangegombana. Madereva wenzangu nao walishaipata habari, wakawa wananiuliza vipi yule profesa wa barafu wa chumbani kwenu. Niliwajibu vibaya, nikasahau kwamba mwalimu wao alikuwa mimi.

Ijumaa tulitoka kanisani tukaja chumbani kwetu, sisi wanne. Nyanchama alipika samaki. Kijiji kile kina kamera juu ya nguzo, mtu yeyote anaweza kuitazama kwenye mtandao, na picha yake hubadilika kila dakika kumi. Wesley alikuwa ameipata siku ileile aliyorudishwa lobi. Unaona paa za nyumba, unaona mlima, unaona ule ufa, ambao sasa ulikuwa umekuwa mkubwa kiasi kwamba hauhitaji kuvutwa kwa vidole. Tuliweka simu ikaegemea chupa ya mafuta, tukala tukiitazama. Saa nane. Saa nane na dakika kumi. Hakuna.

Nitakiri lililo moyoni mwangu saa ile. Nilimtazama Wesley, amevaa suruali ya sare kwa sababu zamu yake ilikuwa jioni, mtu aliyesoma peke yake wakati wote tukicheka. Nilimtazama Chero. Nikamkumbuka meneja na lile bega analopigapiga. Nikaona poromoko moja tu, moja, lishuke pale kweupe, na hawa wawili watarudishiwa kila kitu chao, na mimi nitapata cha kuwaambia wale madereva.

"Si ianguke tu," nikasema. "Ianguke tujue moja."

Wesley hakunikatalia. Nilijua kwa jinsi alivyoikodolea macho ile simu kwamba amekuwa akiomba hivyo hivyo siku nne, na kwamba alikuwa anajichukia.

Picha ikabadilika. Nyuma ya paa la tatu, kwenye ule weupe, palikuwa na vidoa vitatu, kimoja kirefu na viwili vifupi. Chero aliacha samaki. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huyo ni Khalid," akasema. "Ameketi. Akichoka huwa anaketi chini hapo hapo, hasogei mpaka umbebe." Kisha akawa haongei na sisi tena. "Khalid, toka hapo. Toka, mpenzi. Yalla, habibi, njoo kwa Emi."

Dakika kumi ni nyingi. Wakati mwingine mimi huendesha kutoka hapa mpaka Katara kwa dakika kumi. Nyanchama alianza kuomba kwa Kikisii, nami sheria yangu ya chumba sikuikumbuka. Picha ikabadilika. Vidoa vitatu. Chero alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, na mimi niliyesema ianguke nilikuwa natazama sakafu.

Picha ikabadilika tena. Weupe ulikuwa mtupu. Wesley aliinuka haraka akaishika simu, akaivuta picha, akatafuta ufa. Ulikuwa pale pale, na theluji yote chini yake ilikuwa pale pale, laini. Wameingia ndani.

Chero alikaa chini. Alijifuta uso kwa kanga ya Nyanchama, akavuta sahani yake, akaanza kutoa miiba kwenye samaki aliyekwisha kupoa.

"Basi nimefutwa kazi bure," akasema.

Wesley akasogea karibu naye.

"Usiniombe msamaha, Wes. Wanarudi Jumapili. Naomba tu iwe bure mpaka Jumapili."

Ikawa bure. Jumapili waliruka salama, wakatua salama, na Jumatatu Madam akamsainia karatasi zake kama alivyosema. Ile theluji Wesley aliifuata kwenye kamera mpaka mwezi wa nne, akitoka zamu. Haikuanguka. Iliyeyuka kidogo kidogo kuanzia kwenye ufa kwenda chini, na siku moja tukaona majani.